Mmoja Wetu Kasema "Nipo"

Kariakoo hakuna kona isiyo na wenyewe. Ile iliyo nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, mbele ya duka la zipu na vifungo, ina wenyewe wasioandikishwa popote isipokuwa kwenye benchi: ubao mmoja uliookotwa siku lilipobomolewa ghorofa la jirani, ukalazwa juu ya matofali, na mtu mnene akikaa katikati, wa pembeni wananyanyuka bila kupenda. Mkokoteni ukipita, watu wanakunja miguu na mjadala unaendelea. Spika ya mmachinga wa soksi inaimba "soksi jero, soksi jero" tangu asubuhi bila kumeza mate. Hapo Bushiri, mwenye duka, ambaye mtaa mzima unamwita Zipu, hunywa kahawa yake kila baada ya adhuhuri. Na Jumatano hiyo alikuwa anaimeza tu, maana moyo wake ulishatangulia Ijumaa.

– Bi Mkubwa kaamkaje, Zipu?

Aliyeuliza ni Abubakary, muuza kahawa, aliyechuchumaa mbele ya benchi na jiko lake la mkaa. Watu wanamwita Dele, kwa jina la birika lake la shaba, na yeye haoni tofauti.

– Mzima. Kaniuliza leo siku gani.

– Ukamwambia?

– Nikamwambia Jumatano. Kasema, basi keshokutwa.

Kila mmoja kwenye benchi alijua keshokutwa kuna nini.

Kila Ijumaa, tangu baada ya Idi, kwenye simu za wapangaji wa jengo lile huingia neno moja tu: Nipo. Halina salamu, halina jina. Chini yake pana alama ya kijani na maneno ya mashine: "Imesainiwa na mmoja wa wapangaji." Basi. Bushiri hulibeba neno hilo mpaka nyumbani Ilala akamsomea mama yake, Bi Mwanamkuu, na mama akishalisikia hula sahani nzima ya wali. Siku nyingine ni chai na kipande cha mkate, tena kwa kubembelezwa.

Mama anaamini neno lile linatoka kwa Kitwana, kitinda mimba wake, mdogo wake Bushiri. Kitwana, ambaye kijiweni alikuwa Fasta kwa jinsi alivyoshindwa kungoja hata kahawa ipoe, aliondoka mwaka juzi na lori la mzigo kwenda Lubumbashi. Alipiga simu akiwa Tunduma, akasema foleni ndefu, akacheka. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Bushiri ameuliza madereva, ameuliza polisi, ameuliza mpaka waganga ambao siku zote alikuwa akiwacheka. Hakuna aliyemwona, wala hakuna aliyemzika.

Sasa hiyo saini. Mwenye jengo anataka kulibomoa apandishe ghorofa refu, na mpangaji aliyethubutu kulalamika kwa jina lake alikuta kufuli jipya mlangoni. Ndipo Habib, muuza manukato, mwenyekiti wa wapangaji, alipomleta Thuraya, binti wa kaka yake, anayesomea hesabu za siri. Thuraya akawatengenezea saini ya wote. Kila mpangaji ana ufunguo wake ndani ya simu yake, ila muhuri unaotoka ni mmoja. Barua ikimfikia mwenye jengo, mashine yake mwenyewe inamwapia kwamba mwandishi ni mmoja wa wapangaji wake kumi na mmoja. Yupi, hata akeshe, hataambiwa. Mzee wa watu akabaki na hasira na hana wa kumfukuza.

Kitwana, aliyepanga duka pamoja na kaka yake, alikuwa mmoja wa hao kumi na mmoja. Alipopotea, mtaalamu yeyote angelitoa jina lake siku ile ile. Wapangaji hawakulitoa. Kwao mtu hafutwi kabla hajasomewa hitma, na nani angethubutu kumwambia Bi Mwanamkuu amsomee hitma mtoto ambaye maiti yake haikuonekana? Basi jina likabaki, na ufunguo ukabaki ndani ya simu ya Kitwana, huko simu iliko.

– Mimi nasema ni Fasta, alisema Abubakary akimimina. Tena nitawaambia alipo. Kaoa. Kaoa nyumba ya chifu huko Kongo, kapewa shamba la shaba, ila sharti asiseme yuko wapi. Neno moja kwa wiki, ndio ruhusa yake.

– Shamba la shaba? Habib akamgeukia. Yeye kijiweni ni Udi, kwa harufu inayomtangulia kabla hajakata kona. Shaba inalimwa?

– Huko inalimwa, Udi. Wewe hujafika.

– Na wewe umefika wapi? Chalinze?

– Nimefika Morogoro.

– Haya, mwenyeji wa Kongo.

– Tulieni, jamani, alisema Jovin.

Jovin ni fundi simu, mtu wa Bukoba, kwa hiyo anaitwa Senene, kwa panzi wanaoliwa kwao, na ameshakata tamaa ya kuitwa jina lake. Methali za pwani anazipenda kuliko wenye pwani wenyewe, ila akizivaa zinampwaya kama kanzu ya kuazima.

– Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

– Inaingiaje hapa? Habib aliuliza.

– Neno moja moja. Hayo yote ukiyaweka pamoja ni barua. Ila siyo ya Fasta. Ile simu iko kwa Mkongomani mmoja, kainunua gulioni, kila akibonyeza anadhani anawasha redio.

– Anawasha redio kila Ijumaa tu?

– Labda ndiyo siku ana umeme.

– Na kwenye redio yake anaandika Kiswahili.

– Wakongomani wanajua Kiswahili, bana. Usiwadharau watu.

Bushiri alicheka. Alicheka kwa sababu wenzake walikuwa wanamchekesha, na alijua kwamba wanamchekesha makusudi, Jumatano na Alhamisi hasa, siku ambazo uso wake unakuwa mrefu.

– Mimi nitasema kitu, Habib akashusha sauti, na asinicheke mtu. Marehemu babu yangu alikuwa akituambia, kuna majini ya Kiislamu. Hayaumizi mtu. Na siku yao ni Ijumaa.

– Jini ana simu? Abubakary aliuliza.

– Jini simu ya nini, Dele? Jini mwenyewe ni mtandao.

– Na saini je? Mashine inasema mpangaji. Jini analipa pango?

– Chini ya ngazi zile unakoweka mkaa wako, unajua nani alikuwa anakaa kabla yako?

Abubakary akageuka kutazama ngazi, ingawa hakutaka. Jovin akaona nafasi.

– Mnakwenda mbali. Ni mashine yenyewe. Mashine za siku hizi zinajifunza. Imeona watu wana majonzi, imemzoea Fasta, ikasema ngoja niwapoze hawa. Mficha uchi hazai.

– Methali hiyo nayo inatafuta nini hapa?

– Saini imeficha mtu, kwa hiyo haizai jibu. Fikiria.

– Mashine ituhurumie sisi? Habib alisema. Mashine yako ya kuchajia ilimuunguzia mama Sabaha betri, hata pole haikumpa.

Bushiri alikuwa na maoni yake pia, na hayo hakuwahi kuyatia kwenye mizani ya benchi. Yalikuwa mepesi kuliko yote: kwamba neno lile linaandikwa na mmoja wa hawa watatu, au na mpangaji mwingine wa juu, kwa huruma, kwa ajili ya sahani ile ya wali. Hakutaka kuyajua zaidi ya hapo. Ndiyo maana Ijumaa, saa za neno zikikaribia, yeye hutangulia msikitini kabla ya wenzake, asije akaona nani ameinamia simu. Na humo msikitini anamkumbuka mdogo wake kwa namna za kipuuzi kabisa. Anautamani mluzi wake, ule aliokuwa akiupiga dukani mpaka wateja wanaudhika, na ambao Bushiri aliupigia marufuku.

Thuraya alishuka kwenye bajaji iliyotoka Upanga, kompyuta imekumbatiwa kifuani, mtandio umejaa vumbi.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu, benchi likaitikia.

– Kaa unywe kahawa, Habib alisema.

– Ahsante, ami, nikimaliza. Juu kote nimeshapita asubuhi. Mmebaki nyinyi.

Jovin alitazama chini. Alikuwa na sababu. Juma lililopita kijana wa bodaboda alimpokonya simu pale Msimbazi mchana kweupe, na simu hiyo, fundi simu mzima, hakuwa ameiwekea namba ya siri. Siku nne baadaye mwenye jengo akapokea barua fupi: "Sisi wapangaji tumekubali kuhama kwa hiari yetu." Chini yake alama ya kijani. Imesainiwa na mmoja wa wapangaji.

– Penye wengi hapaharibiki neno, alisema Jovin, ili tu kusema.

– Limeharibika, Senene, Habib akamjibu. Tena limeharibikia kwako.

– Barua ile ndiyo tuliyoifungua jana, alisema Thuraya, akiketi ukingoni mwa benchi na kuwasha kompyuta. Maana Abubakary hakuwepo, acha nirudie. Saini hizi zinafunguka, baba, ila kwa shida. Ufunguo wa kufungulia umekatwa vipande viwili. Nusu anayo ami, nusu anayo kaka Bushiri. Tulikubaliana haufanyi kazi mpaka kuna madhara. Jana wamenipa nusu zao kwa kidole gumba, nikaifungua ile barua moja. Imetoka kwenye ufunguo wa kaka Jovin.

– Mimi sikuandika, Thuraya.

– Najua hukuandika. Mashine inajua ufunguo, mkono haiujui. Kaandika aliyeiba, au aliyeuziwa. Na leo asubuhi imetoka ya pili, inasema funguo za maduka zitakabidhiwa kesho. Mwanasheria wa mwenye jengo ameshaichapisha.

– Kesho? Abubakary aliuliza.

– Kesho. Kwa hiyo leo nabadilisha, kila mpangaji aliyepo akiweka kidole kukubali. Hizi saini za zamani zote naziua, namtumia mwanasheria taarifa kwamba barua zile mbili ni za mwizi, na kuanzia alasiri saini hizi hazina nguvu.

– Sasa si umuue Senene peke yake?

– Ahsante sana, Dele, alisema Jovin.

– Ufunguo wake, namaanisha.

Thuraya alitikisa kichwa. Alikuwa binti asiyependa kujitetea, na hilo Bushiri alilipenda kwake.

– Ningeijenga vizuri zaidi, ningeweza. Nilivyoijenga mimi, wote mmefungwa fundo moja. Nikitaka kumtoa mmoja, lazima nilifungue nifunge jipya. Za zamani zote zinakufa, halafu kila mtu anapata mpya, simu yake mkononi, mbele yangu.

Bushiri aliweka kikombe chini.

– Na Kitwana?

Mkokoteni wa magunia ulipita, watu wakakunja miguu, ukapita, wakainyoosha.

– Nimekuuliza, mwanangu. Ya Kitwana unaiwekaje?

– Hayupo, kaka.

– Mtengenezee umuwekee. Akija ataichukua.

– Siwezi. Ufunguo unazaliwa ndani ya simu ya mwenyewe, hata mimi siuoni. Ningekuwa nauona, ningeweza kusaini neno lolote nikasema ni wewe. Nyote mnalala usingizi kwa sababu hakuna mtu, hata mimi, anayeweza kuwasingizia. Akirudi kwa miguu yake, siku hiyo hiyo anapata mpya.

– Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Habib.

Aliisema kwa upole, kama dua, lakini methali ile haina upole. Mwenyewe aliisikia ilivyotua, akaivua kofia yake akaanza kuikung'uta mavumbi ambayo hayakuwepo.

– Nisamehe, Zipu. Ulimi.

– Hujakosea.

– Nimekosea.

– Ngoja kwanza, alisema Jovin, na macho yake yakachangamka. Ngoja. Kama barua yangu imefunguka, Nipo si inafunguka?

Thuraya alimtazama ami yake, kisha Bushiri.

– Inafunguka. Ni kazi ya dakika moja. Lakini iwe sasa, kabla sijabadilisha. Nikibadilisha, na vile vipande viwili vya ufunguo vinafutwa. Hapo hata mimi sitajua tena milele.

– Basi fungua, alisema Jovin. Kitu si ndicho hicho? Tunabishana tangu Idi, kumbe jibu liko kwenye kompyuta. Fungua, Zipu. Toa nusu yako.

– Mimi yangu natoa, alisema Habib, ila hakusema kwa sauti ya mtu anayetoa.

Bushiri aliwatazama mmoja mmoja. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo angependa asilione. Abubakary alikuwa ameanza kuosha vikombe visafi. Habib alikuwa bado na kofia mkononi. Na Jovin, ambaye ndiye aliyelileta wazo lenyewe, sasa alikuwa akijikuna shingo.

– Au basi, alisema Jovin. Tufikirie.

Wote watatu walionekana wana hatia. Huenda hakuna aliyekuwa nayo. Mtu akitazamwa namna ile, hata mwizi wa embe la utotoni anajikumbuka. Bushiri akageukia upande wa barabara.

– Thuraya. Ikisema ni Kitwana, itakuwa imeniambia nini?

– Kwamba saini imetoka kwenye ufunguo wake.

– Yuko wapi, itasema?

– Haitasema.

– Kama yu hai?

Thuraya aliinamia kompyuta.

– Na hilo haitasema, kaka. Jana mashine imesema ni kaka Jovin, na kaka Jovin alikuwa hapa anakunywa kahawa.

– Umeona, alisema Jovin kwa sauti ndogo. Mkongomani wangu.

– Mkongomani wako, Bushiri alikubali.

Akakaa na jibu hilo. Kidole chake gumba kilikuwa kinamwasha kweli, si kwa mfano. Alikisugua kwenye suruali. Angeweza kujua. Mtu aliyekaa mwaka na zaidi akitazama kila lori la Tunduma linaloshusha mzigo, anaambiwa jibu liko hapa, dakika moja, na yeye anasugua kidole.

– Nikifungua, alisema, nikakuta ni ufunguo wa Fasta, sijui kama ni yeye. Nitapanda basi leo leo, nitafika Tunduma, nitamuuliza nani? Nishawauliza wote. Na nikikuta ni mmoja wenu.

– Zipu, alisema Abubakary.

– Acha nimalize, Dele. Nikikuta ni mmoja wenu, nitamtazamaje? Nimshukuru? Nitamshukuru kwa kunifanya nini? Halafu Ijumaa nitakwenda nyumbani nimsomee mama kitu gani? Uso wangu anaujua yule. Alinizaa.

– Wewe unaweza kumficha, alisema Habib.

– Siwezi, Udi. Sasa hivi simfichi. Namsomea kitu ambacho hata mimi sikijui. Tuko sawa, mimi na yeye. Ndiyo maana naweza kukaa naye akila.

Spika ya soksi ikaendelea. Thuraya alikuwa ametoa mikono kwenye kompyuta akaiweka mapajani.

– Sheria yetu inasema tufungue yenye madhara, alisema. Hii ina madhara, kaka Bushiri?

– Madhara yake ni wali.

– Basi siifungui.

– Usiifungue. Ila nakuomba kitu. Ngoja Ijumaa ipite. Jumamosi asubuhi uje, nitakupa kidole, hata vidole vyote. Ipite hii moja tu.

Hapo Habib alimwekea mkono begani. Alikuwa mtu wa bei ya mwisho siku zote, hapunguzi na haongezi, lakini mkono ule ulikuwa mzito kwa upendo.

– Kesho ni makabidhiano, kwa mdomo wa mwizi. Juu kuna Khairunnisa na cherehani zake, na watoto wake. Kuna Basil na viatu. Wewe una zipu. Tukimngoja Fasta, tunatoka wote na benchi letu. Ningekuwa na siku moja ya kukupa, ningekupa. Wallahi sina.

Bushiri alijua. Alikuwa amejua tangu bajaji iliposimama.

– Baba, samahani, sauti ilisema nyuma yao. Nina haraka kidogo.

Ni msichana mmoja mteja, mgeni kabisa pale, amesimama mlangoni mwa duka na gauni la zambarau mkononi. Mgongo wa gauni ulikuwa wazi, zipu imeng'olewa. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

– Nisubiri kidogo tu, mwanangu. Namaliza hapa.

– Haya, baba.

Thuraya alisogeza kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na duara, kila kidole cha kukubali kikijaza kipande chake. Wa juu walikuwa wameshaweka vidole asubuhi, Habib akiwa wa kwanza, na sasa Abubakary na Jovin wakaweka vyao; duara likawa limejaa rangi isipokuwa pengo moja jembamba. Bushiri alisoma bismillahi. Akaweka kidole gumba, akakiacha hapo muda mrefu kuliko mashine ilivyohitaji, na pengo likajaa.

– Tayari? aliuliza.

– Tayari, kaka. Nipeni simu zenu.

Simu zikalia moja baada ya nyingine, ya Habib, ya Abubakary, ile mpya ya mkopo ya Jovin, mwisho ya Bushiri. Kila moja ililia mlio ule ule mdogo wa furaha, na Bushiri aliuchukia.

– Sasa mpo salama, alisema Thuraya. Yule mwizi hawezi kuandika hata herufi. Hawezi yeyote asiye na ufunguo mpya.

– Alhamdulillahi, alisema Habib.

– Yeyote, alisema Bushiri.

– Yeyote, kaka.

Abubakary alimimina kahawa bila kuulizwa. Jovin alitafuta methali, Bushiri alimwona anaitafuta, midomo ikicheza, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Dar akaikosa. Wakakaa. Walikuwa wameokoa jengo zima na hakuna aliyekuwa na uso wa mtu aliyeokoa kitu.

– Naomba kuuliza, alisema yule msichana mwenye gauni. Msinielewe vibaya. Nimesikia bila kutaka, nimesimama hapa muda.

– Uliza, mwanangu, alisema Habib.

– Hilo neno. Hiyo Ijumaa, sasa mnaomba lije, au mnaomba lisije?

– Lije, alisema Jovin upesi. Si ndiyo furaha yake mama...

Akaishia hapo. Benchi zima lilimwona akifika mwisho wa wazo lake mwenyewe na kulikuta limefungwa. Ufunguo wa Kitwana umekufa. Neno likija Ijumaa, limetoka kwenye simu iliyolia hapa leo, au huko juu. Litakuwa la mmoja wao, na siku zote lilikuwa la mmoja wao.

– Basi lisije, alisema Abubakary.

– Lisije? Habib aliuliza polepole. Lisipokuja, Dele, basi alikuwa ni yeye. Alikuwa yupo. Na mlango tumemfungia sisi.

Msichana alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

– Nimeuliza vibaya?

– Hapana, alisema Thuraya, na macho yake yalikuwa yamelowa. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza.

Bushiri alinyanyuka. Alichukua gauni kutoka mkononi mwa msichana, akaingia dukani, akaanza kutafuta zambarau inayofanana nayo. Ziko za aina tatu na anajua kila moja ilipo, lakini alifungua makasha mengi. Humo ndani peke yake alimtaka mdogo wake kiasi ambacho kifua kilimuuma upande mmoja, akaegemea kaunta mpaka maumivu yakapungua. Kama alikuwa yupo, sasa hivi ameketi mahali, anaisubiri Ijumaa yake aandike neno lake moja, na hajui kwamba halitapita. Kama hakuwepo, basi kuna mtu pale nje, anayenywa naye kahawa kila siku, ambaye Ijumaa baada ya Ijumaa alimbebea mzigo huu bila kudai ahsante.

Alipotoka na zipu hakumtazama mtu usoni. Angemtazama mmoja, huyo angedhani anashukiwa. Aliilaza zipu kwenye mgongo wa gauni, akaipima kwa shubiri, na aliongea akiwa ameinamia kazi.

– Lije.

Akatoa pini, akaibana zipu kwenye gauni.

– Najua halitakuwa la Fasta. Lije hivyo hivyo. Mwenye kuliandika aandike, mimi sitauliza, na saa hiyo nitakuwa msikitini kama kawaida. Ila lisikose, jamani. Mama yangu hana neno lingine.